Moshi Kwenye Almasi ya Nne

Kuze, Mombasa
Jumapili, 12 Novemba 2023

Mwanangu Ziad, roho yangu,

Bismillahi. Nnakusalimu kwanza, kisha nnakwambia kwamba sote tu wazima isipokuwa goti langu, nalo ni lile lile unalolijua, halikuanza leo. Dada yako Hanin yuwakusalimu. Yuko hapa mbele yangu yuwamenya vitunguu na machozi yamtoka, amesema nikuandikie kwamba machozi haya si yako, usijipe cheo. Jirani yetu Mutanu yuwakusalimu, na mumewe Crispus, yule wa bandarini, ndiye atakayekuletea mzigo huu. Kazi imempeleka huko kozi ya wiki sita. Mkaribishe chai, usimwache mlangoni kama watu wa huko.

Hanin yuwanicheka, ati siku hizi nani aandika barua na simu iko. Nikamwambia simu ni uongo mtupu. Wewe wasema "mzima Mama", mimi nasema "mzima baba", kisha twasikilizana pumzi mpaka yakatika. Kwenye karatasi mtu hukaa akafikiri. Tena wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, wewe darasa la nne mimi mtu mzima na watoto, kwa kipande cha mkaa kwenye sakafu ya jikoni, ukinikaripia kama mwalimu mkuu. Basi vumilia mkono wangu, ni mkono wa mwanafunzi wako.

Ndani ya mzigo mna shali, achari ya ndimu, kofia ya viua, ile ya vitundu vya uzi, niliyoishona mwenyewe uivae siku watakayokupa shahada, na kile kijaluba, kijikebe cha fedha cha bibi yako, alichokuwa akitilia tambuu yake ya kutafuna. Nimekufukizia kijaluba. Kifuniko chake chakaza sana, hakipitishi hata pumzi. Kiweke karibu na wewe. Ukiona ndani kimeingia weusi usiulize, ni fedha ya zamani.

Wiki iliyopita ulisema mashine zakushinda na usingizi huna. Kwani hao wenzako wakutazama kwa jicho gani? Soma Ayatul Kursiy kabla hujaingia, na ule.

Mamako,
Saadia


Uingereza
17 Desemba 2023

Mama mpenzi,

Assalam aleikum. Nakubusu mkono, na goti pia. Mzigo umefika salama. Achari ilivuja ikaingia kwenye shali, sasa kila nikiivaa napata njaa. Bwana Crispus nilimkaribisha chai, akanywa vikombe vitatu, akaniambia nimekonda. Nilijua umemtuma aseme.

Hanin aliniambia kwamba watu wakikuuliza nasomea nini unajibu "mawe". Ni kosa langu, kila ukiniuliza nakwambia "masomo tu". Ngoja nijaribu.

Almasi tunazotumia si za kuvaa. Zinakuzwa kwa mashine, bapa, kila moja kama ukucha wa kidole cha mwisho cha mtoto. Nimepewa nne, ya kwanza mpaka ya nne. Almasi safi haipitishi umeme, ni kama kioo. Lakini ukiufunika uso wake kwa gesi ya haidrojeni, kisha ukaiacha kwenye hewa, hewa hii hii yenye unyevu, yale yanayotua juu yake huvuta chembe za umeme kutoka kwenye ngozi ya jiwe. Zikivutwa zinaacha vitundu, na vitundu ndivyo vinavyotembea. Ndani jiwe linabaki jiwe, juu ngozi inapitisha umeme. Fikiria kofia zako, Mama. Anayeisifu kofia yako hasifu kitambaa, anasifu vitundu ulivyovizungushia uzi.

Na kila kitundu kinachotembea huwa kinajizungusha kama pia ya kuchezea. Mimi natafuta jinsi ngozi ya almasi inavyozigeuza pia hizo njiani. Tunaigandisha almasi kwa baridi kali kuliko baridi yoyote unayoijua, tunaisogezea sumaku, na kama pia hizo zinageuzwa kama tunavyodhani, mchoro unaonyesha kilele kidogo, chembamba, katikati. Mwaka wa tatu huu nakitafuta kilele hicho. Kamati itakaa Juni. Nisipokuwa nacho, watanisimamisha na safari yangu itaishia hapo.

Kijaluba kiko kwenye rafu juu ya kitanda. Harufu yake si ya udi wako niliouzoea, ina ukali kidogo, inawasha pua. Na kweli ndani kimekuwa cheusi.

Mwanao,
Ziad


Kuze
21 Januari 2024

Mwanangu,

Wa aleikum salaam. Hapa mvua hakuna, bomba latoa maji Jumanne na Ijumaa tu, na paka wa Mutanu amezaa kwenye kapu langu la nyuzi, watoto watano, siwezi kushona mpaka wafumbue macho.

Nimeisoma barua yako mara nne, mara ya tatu Hanin alinisomea. Yale ya vitundu nimeyaelewa, wallahi nimeyaelewa. Yale ya pia sikuyaelewa lakini nimekuona wewe uchochoroni na pia yako, ukikataa kuja kula mpaka ianguke.

Nikaenda kwa Yazid dukani nikamwambia, mwanangu yuwafanya kazi na almasi. Akasema mbele za watu, "Bi Saadia, mwana na almasi Ulaya, mama na bangili za plastiki Kuze, mwatugawia lini?" Wote wakacheka. Nikamjibu, almasi za mwanangu si za kuvaliwa na watu wenye madeni ya sukari mdomoni kama wewe. Akafumba mdomo, meno yake yaliyooza wayajua.

Harufu ya kijaluba ni ya safari. Crispus alikitia pamoja na viatu.

Mamako


Uingereza
25 Februari 2024

Mama, Mama, Mama,

Assalam aleikum na habari za nyumbani nitaziuliza mwisho, nisamehe adabu.

Kimeonekana! Almasi ya nne. Jumatatu iliyopita niliipima, umeme ukapita mara tano zaidi ya siku zote, nikadhani mashine imeharibika. Nikaigandisha, nikasogeza sumaku, na kilele kikasimama pale katikati, wazi. Nilimwita Profesa. Alikuja na koti lake akasimama nyuma yangu, akautazama mchoro, kisha akasema, "Fanya tena." Nikafanya tena. Kikasimama tena. Akanishika bega. Mama, mtu huyu hajawahi kumshika mtu bega.

Atakitangaza mwezi ujao kwenye mkutano wa wakubwa, na jina langu litaanza. Kofia yako nimeitoa kwenye mfuko nikaijaribu kichwani mbele ya kioo.

Goti vipi? Paka wamefumbua macho?

Ziad wako


Kuze
20 Machi 2024

Mwanangu, nuru ya macho yangu,

Ramadhani karimu, leo twafunga ya tisa. Barua yako ilikuja kabla ya magharibi nami nina kaimati kwenye mafuta, nikaziacha zikaungua zote, Hanin akaja mbio yuwapiga kelele Mama moto, nikamwambia wacha ziungue, kimeonekana. Akasema nini kimeonekana? Nikasema kilele. Akasema cha nini? Nikasema sijui lakini ni cha ndugu yako.

Wanawake wote wa tarawehe wajua. Mutanu amesema na wao kanisani watakuombea. Yazid nimempelekea sahani ya tambi, nikamwambia hii ni ya kilele, kula kwa heshima.

Nilijua mimi. Nilijua kijaluba hakitakuangusha.

Mamako


Uingereza
5 Mei 2024

Mama,

Assalam aleikum. Nakubusu mkono. Natumai Idi ilikuwa njema, na kwamba Hanin alivaa ile nguo ya kijani. Hapa miti imetoa majani kwa ghafla, wiki moja vijiti, wiki ya pili kivuli.

Nimechelewa kuandika. Sikujua nianzie wapi. Almasi ya nne imekufa. Wiki hadi wiki umeme ulipungua, na kilele kikafifia nacho, mpaka mwezi uliopita ikawa sawa na nyingine tatu. Nimeisafisha, nimeifunika upya haidrojeni, haikurudi. Profesa alikwisha kutangaza. Watu wa vyuo viwili wamejaribu kwa almasi zao na hawakupata. Sasa wanamuuliza yeye, mlifanya nini cha ziada? Naye ananiuliza mimi.

Kuna jambo sikuliandika. Mwezi wa pili tulihamishwa jengo. Visanduku vyetu vyote vilikuwa kwenye makatoni, ikawa Ijumaa, sikutaka kuiacha almasi wazi. Nikaichukua nyumbani, nikaitia kwenye kijaluba chako kwa sababu kifuniko chake kinakaza. Ilikaa humo siku tatu. Jumatatu ndiyo nikaipima. Kwetu kila kinachoigusa almasi lazima kiandikwe kwenye daftari la maabara, hata nani alifungua dirisha. Mimi nikaandika "ilikuwa sandukuni". Niliona haya kuandika kijaluba cha tambuu cha bibi yangu.

Mama, kinachotua juu ya almasi kutoka hewani ndicho kinachoipa nguvu. Basi humo ndani mlikuwa na kitu. Nikikijua, naweza kurudia kipimo mbele ya kila mtu na kulisahihisha daftari. Nisipokijua, mimi ni mtu aliyeandika uongo na kupata jibu lisilorudi. Kamati ni tarehe 14 Juni.

Ulikifukiza kwa kitu gani? Udi gani, mkaa gani, ulichanganya na nini, kwa muda gani? Niandikie yote, hata kama ni la kuchekesha.

Ziad


Kuze
26 Mei 2024

Mwanangu Ziad,

Wa aleikum salaam. Sisi hatujambo. Hanin alivaa ya kijani, akaonekana kama bi harusi, Inshallah siku yake ije. Mvua za masika zimeingia kwa nguvu, dari ya chumba chako imevuja pale pale pa zamani, nimeweka sufuria. Paka wawili tumewagawa, watatu bado. Mutanu alikuwa na homa, amepona. Bei ya nyuzi sikwambii.

Nimehuzunika kwa almasi yako. Labda imechoka tu. Hata mtu huchoka.

Kuhusu uliloniuliza, ni udi tu. Udi wangu wa kawaida, wa sukari na mawardi, niupikao mwenyewe, na mkaa wa kawaida wa gunia. Hapana kingine. Nimekufungia vipande kwenye karatasi ya nailoni ndani ya bahasha hii, jaribu nao.

Na mwambie huyo Profesa wewe si mwongo. Mimi nilikuzaa, nnashuhudia.

Mamako


Uingereza
30 Juni 2024

Mama,

Assalam aleikum, nakubusu mkono. Pole kwa dari. Mpigie fundi yule wa mwaka juzi, si yule mwingine.

Udi ulifika. Nilichoma kwenye jiko la jengo ninalokaa, kengele ya moto ikalia, watu sabini wakateremka uwanjani na mablanketi, na gari la zimamoto likaja. Nikasimama nao nikinukia kama bwana harusi. Ungecheka. Almasi ya tatu niliifukiza nusu saa. Ilipata uchafu tu, basi. Ya pili vile vile.

Kamati imeniongezea muda mpaka tarehe 20 Septemba. Hapatakuwa na nyongeza nyingine.

Sasa nisikilize, Mama. Udi hauifanyi fedha iwe nyeusi. Ule weusi wa ndani ni wa kibiriti, yaani salfa, kila aliyesoma kemia anaujua. Nimejaribu kibiriti peke yake, si chenyewe, lakini najua kwamba hukufukiza kwa udi peke yake, na wewe huweki kibiriti kwenye udi wako. Kile kitambaa chekundu kilichotandikwa ndani ya kijaluba, kilichokuwa kimenywa moshi, kingeniambia, lakini nilikitupa mwezi wa tatu kilipoota ukungu. Aliyebaki anayejua ni wewe.

Najua kuna jambo moja tulikubaliana nyumbani wakati Baba yu hai. Sikuulizi hilo. Sikuulizi ni wapi wala ni nani. Naomba uniambie kilichochomwa tu. Sitakasirika.

Tarehe 20 Septemba, Mama. Barua huchukua wiki tatu. Au mpe Hanin simu aniambie neno moja.

Ziad


Kuze
21 Julai 2024

Mwanangu,

Wa aleikum salaam. Fundi amekuja, ameziba dari, imevuja pengine. Hanin ameanza kufundisha chuoni, pale madrasa, watoto wa alfabeti, yuwarudi sauti imekwisha. Crispus amehamishiwa zamu ya asubuhi. Paka mmoja amepotea. Jana nilishona mpaka macho yakaniuma, kofia ya mtu wa Lamu, yuwaitaka kabla ya Maulidi.

Zimamoto imenichekesha, kisha imenitia hofu. Je, hawakukuandika jina?

Lile uliloniuliza nitakuandikia. Si leo.

Mamako


Kuze
4 Agosti 2024

Mwanangu Ziad,

Leo salamu ni moja tu, tu wazima.

Nilikwenda kwa Maalim Zakariya, ng'ambo ya kivuko. Ni yule yule mganga wa moshi. Ulipaza sauti siku ile unaondoka, hapa mlangoni na begi mkononi, ukasema, "Mama, usinifanyie mimi uliyomfanyia Akil." Hanin alikuwepo. Nikakwambia sitafanya, niliapa mbele ya babako na msahafu mkononi, tangu siku ile sijavuka kwenda huko. Na kweli sikuvuka. Miaka ishirini na mitatu sikuvuka.

Kisha ukasema huna usingizi na mashine zakushinda. Nikakaa siku mbili. Nikasema, hili ni jicho la hasidi. Nikasema, yuko mbali, hana mtu, mimi nifanye nini, nimtumie achari? Nikakibeba kijaluba kwenye kikapu chini ya mchicha nikavuka.

Ndugu yako Akil alikuwa na miaka sita na wewe mitatu, hukumbuki. Babako alikuwa kazini Malindi. Homa ilimshika mtoto Jumamosi, na mimi nikampeleka kwa Maalim, akamkalisha kwenye moshi, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Mtoto yuwakohoa yuwaniambia, "Mama, twende nyumbani." Nikamwambia bado kidogo. Jumanne hospitali, wakimfunika shuka, daktari akaniuliza, "Mama, siku tatu ulikuwa wapi?" Mpaka leo sijamjibu.

Moshi aliokifukizia kijaluba chako ni moshi ule ule. Niliujua kwa pua kabla sijaketi.

Sasa nnakuandikia kama ulivyotaka. Chetezo cha udongo, mkaa wa mkoko. Ubani. Kibiriti cha unga, kijiko kimoja. Kisha shura, ile chumvi nyeupe waliyokuwa wakitengenezea baruti, aliitupa motoni mara tatu, na kila mara yaruka cheche na kulia. Moshi wake ulikuwa na rangi kama kutu ya bati. Akakifudikiza kijaluba juu yake mpaka akamaliza kusoma, kisha akakifunga na moshi humo ndani, akanambia usikifungue, kifunguliwe na mwenyewe.

Ndilo hilo. Nilikwambia udi. Nilikudanganya mara tatu kwa mkono ulionifundisha wewe.

Saadia

Jumapili, 6 Oktoba. Mwanangu, barua hii imekaa chini ya godoro miezi miwili. Kila wiki nilivaa buibui nikaenda kuitia posta. Nafika mlangoni pa posta, napita kama mtu mwenye haraka, naenda mpaka sokoni Mwembe Tayari, nanunua vitunguu, narudi. Hanin yuwauliza, Mama, vitunguu vyote hivi vya nini? Tarehe ishirini Septemba nilikaa kitako kutwa nzima. Wewe hukupiga simu. Nikajua yamekwisha. Ndiyo maana leo naweza kuitia.


Uingereza
10 Novemba 2024

Mama,

Assalam aleikum. Nakubusu mkono.

Barua yako imefika. Ile sehemu ya Akil nimeisoma mara moja. Sitaisoma tena, lakini nimeisoma.

Kamati ilikaa. Niliwaambia kwamba almasi ilikuwa kwenye kijaluba cha tambuu cha bibi yangu, kilichofukizwa, na kwamba sikuandika. Mmoja alicheka, si kwa ubaya, kicheko kilimtoka tu. Profesa hakucheka. Aliniuliza, "Kilifukizwa kwa nini?" Nikasema udi. Akasema, "Udi umeujaribu." Nikasema ndiyo. Akafunga faili. Nimepewa cheti kidogo cha miaka niliyokaa. Shahada hakuna. Tangazo lake wameliondoa, na jina langu ndilo la kwanza.

Moshi wa rangi ya kutu naujua. Shura ikichomwa na mkaa hutoa gesi ya rangi hiyo, na gesi hiyo ikitua kwenye ngozi ya almasi huvuta chembe kwa nguvu kuliko unyevu wa hewa, kisha baada ya wiki kadhaa huondoka na nguvu huondoka nayo. Wako watu walioliandika hilo zaidi ya miaka kumi iliyopita. Si jambo jipya. Kwa hiyo hata ungeniandikia Mei, ningekuwa nimepata kitu ambacho tayari wenzangu wanacho. Usijitese.

Nilisema sitakasirika, na sikukasirika. Ila nikikaa kukuandikia, natafuta la kusema silioni.

Nyumbani sitakuja sasa. Kila mtu kuanzia dukani kwa Yazid mpaka msikitini ameshakula sahani ya kilele. Ruhusa yangu ya kukaa inakwisha Januari. Kuna rafiki ana kazi ya ghala mji mwingine, kupanga mizigo. Namba ya simu nitabadilisha. Nikitulia nitaandika mimi.

Kijaluba nakurudishia na mzigo huu. Nimekisafisha kwa dawa tunazosafishia almasi. Kofia pia imo. Haikuvaliwa.

Msalimu Hanin.

Ziad


Kuze
16 Machi 2025

Mwanangu Ziad,

Ramadhani karimu. Twafunga ya kumi na tano. Hanin ameposwa, na kijana wa mtaa wa Guraya, harusi baada ya Idi, Inshallah. Mutanu na Crispus wamehamia bara, kazi imeisha. Siku ya kuondoka Mutanu alilia hapa mlangoni, akaniachia yule paka mkubwa. Goti sasa ni mawili.

Barua niliyokuandikia Januari imerudi. Imepigwa muhuri, Hanin akanisomea, ati hayupo hapa. Nikamwambia soma tena. Akasoma tena. Nikasema hiyo ni lugha yao, labda wana maana nyingine. Akaikunja karatasi. Simu yasema nambari haipatikani, na huyo mwanamke asemaye humo hachoki wala haoni haya.

Januari nilikuandikia mambo mengi, sasa siyarudii. Moja tu. Ulisema hata ningekwambia Mei isingekufaa kitu. Nimelifikiria sana hilo, nikishona, nikipika. Nimewaza, mwanangu ni mtu wa haki, hasemi uongo ila pale anapoona haya. Kisha nikawaza, na akimhurumia mtu je? Sitaki kujua. Usiniandikie ukweli wake. Andika chochote kingine, andika umekula nini.

Yazid haniulizi tena. Juzi nilikwenda kununua tui la unga, akanipimia akanipa na tende juu yake. Afadhali angenicheka.

Kijaluba kilifika Desemba. Kimekuwa cheupe kama siku bibi yako alipokitoa kwa sonara. Nilipokifungua nikatia pua mpaka ndani. Nilitaka nipate hata ule moshi, hata ule, maana uliwahi kukaa chumbani mwako. Hapana kitu. Umekisafisha, kimesafika.

Ulisema almasi haitaki kufukizwa, yaachwa tu kwenye hewa, hewa ya watu wote, na kinachotua kinatua. Basi kijaluba nimekiweka dirishani, kifuniko wazi. Sikukifukiza, wala udi sikukiwekea. Kila asubuhi nakinusa. Leo kina vitunguu vya Hanin na samaki wa jirani na vumbi la njia. Wewe humo.

Hanin yuwasema anwani ile haifai tena na nyingine hatuna. Nimechukua bahasha, nimeandika jina lako, nikaisubiri kalamu, haikuendelea. Nnaitia barua hii ndani ya kofia, na kofia iko kabatini, rafu ya juu, mkono wa kulia, kama utauliza.

Mamako,
Saadia